FRANTZ FANON: DAKTARI ALIYEWATIBU WALIOTESWA NA WALIOWATESA



Ukitaja jina la Frantz Fanon kijiweni, utaambiwa ni yule mwanamapinduzi wa Algeria aliyeandika kwamba mkoloni haondoki kwa kubembelezwa. Hawajakosea. Lakini hebu uliza jamaa alikuwa anafanya kazi gani, mshahara wake ulitoka wapi, utaona watu wanaangaliana. Fanon alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Siasa aliifanya, vitabu aliandika, lakini kila asubuhi alikuwa na wodi ya kupitia. Ndani ya wodi hiyo kulikuwa na watu wasiopata usingizi, watu wanaotetemeka wakisikia mlango unafungwa, watu wanaosema mwili mzima unauma wakati vipimo havionyeshi kitu.

Nimeona nimlete kwa upande huo kwa sababu sisi wenyewe bado tuna tabia ya kumcheka mtu wa namna hiyo. Ukilalamika kwamba una wasiwasi unaambiwa acha uoga. Ukizidi unaambiwa utapelekwa Mirembe. Huyu bwana alifariki mwaka 1961 akiwa na miaka 36 tu, na katika muda huo mfupi alishaonyesha kwamba hofu ya aina hiyo ina chanzo, na inatibika kama daktari atakubali kutumia kila alichonacho, kuanzia sindano hadi kikombe cha kahawa.

KIJANA WA MARTINIQUE

Fanon alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 mjini Fort-de-France, kisiwani Martinique, kule Karibi. Kisiwa kilikuwa koloni la Ufaransa, na wakazi wake wengi ni vizazi vya watumwa waliotolewa Afrika. Baba yake alikuwa afisa wa forodha, mama yake alikuwa na duka. Familia ilikuwa na watoto wanane, maisha yao hayakuwa mabaya. Shuleni walifundishwa kuwa wao ni Wafaransa kamili, na mtoto akiongea Kikrioli cha nyumbani alionekana hana adabu. Mmoja wa walimu wa shule aliyosoma alikuwa Aimé Césaire, yule mshairi aliyewafundisha vijana wa kisiwa kile kutoona aibu kwa weusi wao.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, dogo alitoroka kwa boti kwenda kisiwa cha Dominica kujiunga na jeshi la Wafaransa waliokataa kusalimu amri kwa Hitler. Hapo alikuwa hajatimiza miaka 18. Alirudishwa nyumbani, lakini mwaka 1944 akapata nafasi tena na kusafirishwa hadi Moroko, kisha Algeria, kisha kusini mwa Ufaransa. Mwishoni mwa mwaka huo alijeruhiwa kwa vipande vya kombora mashariki mwa Ufaransa na akapewa nishani ya ushujaa. Aliyetia saini ya nishani ile alikuwa kanali mmoja aitwaye Raoul Salan. Kumbukeni hilo jina, kwa sababu miaka michache baadaye Salan huyohuyo alikuwa jenerali anayeongoza majeshi ya Ufaransa nchini Algeria, na Fanon alikuwa upande wa pili.

Jeshini ndipo macho yalipofunguka. Alikwenda kuikomboa Ufaransa, akakuta ndani ya jeshi lenyewe watu wamepangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwarabu huku, Mwafrika mweusi chini kabisa, na yeye wa Karibi akiwekwa katikati kama vile hajulikani ni nani. Alirudi nyumbani mwaka 1945 akiwa na nishani kifuani na maswali kichwani.

WAGONJWA WALIOAMBIWA HAWAUMWI

Mwaka 1946 alirudi Ufaransa kusoma, na baada ya muda mfupi wa udaktari wa meno jijini Paris akahamia mji wa Lyon kusomea utabibu, halafu akachagua magonjwa ya akili. Kazi aliyoiandika kuhusu namna ubaguzi unavyomuumiza mtu mweusi rohoni ilikataliwa na wakubwa wa chuo kama tasnifu ya udaktari. Kijana hakubishana sana. Akaandika tasnifu nyingine juu ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu, akafaulu mwaka 1951, na ile iliyokataliwa akaitoa kama kitabu mwaka 1952. Ndicho kile Peau noire, masques blancs, yaani Ngozi Nyeusi, Vinyago Vyeupe, ambacho kinasomwa hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1952 aliandika makala kuhusu vibarua waliotoka Afrika Kaskazini kufanya kazi Ufaransa. Wale jamaa walikuwa wanakuja hospitalini wakilalamika maumivu. Ukimuuliza anaumwa wapi, anasema tumbo, mara kichwa, mara mgongo, mara mwili mzima. Daktari anapima, haoni kidonda wala uvimbe. Basi anaandika kwamba huyu ni mvivu, anatafuta siku za kupumzika. Siku hizo kulikuwa na hata jina la kejeli la ugonjwa huo, na manesi wakicheka wakimwona mmoja wao anaingia.

Fanon alikataa kucheka. Aliangalia maisha ya yule kibarua: hana mke wala mtoto karibu, analala chumba kimoja na wenzake, barabarani anaitwa majina, polisi wanamsimamisha, kazini anaweza kufukuzwa kesho. Kila siku kwake ni kitisho. Kwa maoni ya Fanon maumivu yale yalikuwa ya kweli kabisa, na aliyeshindwa kazi ni daktari aliyetafuta ugonjwa kwenye utumbo tu akasahau kumuuliza mtu anaishije. Hapo ndipo mzizi wa tiba yake ulipoanzia.

TIBA YA MSETO KULE MILIMANI

Baada ya masomo alikwenda kufanya kazi kwenye hospitali ya Saint-Alban, sehemu ya milima kusini mwa Ufaransa. Huko alimkuta daktari aliyembadilisha, François Tosquelles, mkimbizi kutoka Hispania. Tosquelles alikuwa daktari wa jeshi la Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, walishindwa, akavuka mpaka na kuishia kambi ya wakimbizi kabla ya kupata kazi Saint-Alban. Wakati wa vita, hospitali za akili za Ufaransa zilipoteza makumi ya maelfu ya wagonjwa kwa njaa. Saint-Alban ilijiokoa kwa kufungua milango, wagonjwa wakafanya kazi na wakulima wa jirani na chakula kikapatikana.

Tosquelles alikuwa anaamini kwamba hospitali yenyewe inaweza kuwa mgonjwa. Kama manesi wanaogopwa kama askari jela, kama milango imefungwa na mgonjwa hana neno, basi hata ukimpa dawa nzuri namna gani hatapona. Kwa hiyo pale kulikuwa na mikutano ya wagonjwa na wafanyakazi, gazeti la hospitali, maigizo, kazi za mikono na muziki. Lakini wadau msije mkadhani waliacha dawa. Walitumia shoti ya umeme, sindano za insulini za kumlaza mgonjwa usingizi mzito, na mazungumzo ya kina ya daktari na mgonjwa, vyote kwa pamoja, kila kimoja kwa wakati wake.

Sisi tunajua dawa ya mseto ya malaria: dawa mbili zinasaidiana, moja haitoshi. Ndivyo walivyofanya kwa roho ya binadamu. Shoti au sindano ilikuwa ya kumtoa mtu kwenye giza ili aweze kusikia, mazungumzo yalikuwa ya kumrudisha kwenye habari zake mwenyewe, na maisha ya pamoja yalikuwa ya kumfundisha tena kukaa na watu. Fanon aliuchukua mseto huo mzimamzima.

Mwaka 1952 alioa. Mkewe, Josie, alikuwa binti wa Kifaransa, na ndiye aliyekuwa anaandika vitabu vyake kwa mashine huku yeye anatembea chumbani akiongea.

BLIDA: ALIPOKOSEA NA KUJIREKEBISHA

Novemba 1953, akiwa na miaka 28, alipelekwa kuongoza sehemu ya hospitali ya akili ya Blida-Joinville, karibu na jiji la Algiers. Algeria ilikuwa koloni, na hospitali ilipangwa kikoloni: Wazungu wodi zao, Waislamu wenyeji wodi zao. Fanon alipewa wanawake 165 wa Kizungu na wanaume 220 Waislamu.

Akaanza kwa kasi. Kwa wanawake wa Kizungu alileta kila alichojifunza Saint-Alban: mikutano, gazeti, sinema, sherehe ya Krismasi, kushona na kufuma. Ndani ya muda mfupi wodi ilibadilika. Wagonjwa waliokuwa wamekaa kimya miaka walianza kujipamba na kuongea.

Kwa wanaume Waislamu mambo yalikwama. Mikutano ilikuwa kimya. Gazeti halikuwa na maana kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Kufuma ukindu waliona siyo kazi ya mwanamume. Kwaya ndiyo kabisa, mtu mzima aliyeheshimika kijijini kwake aimbe mbele za watu kama mtoto? Kazi ilikwenda hivyo miezi, mpaka wafanyakazi wenyewe wakachoka.

Madaktari wakongwe wa koloni walikuwa na jibu tayari. Profesa Antoine Porot wa Algiers na wanafunzi wake walifundisha kwamba mwenyeji wa Algeria ana ubongo wa kizamani, ni mwongo na mkali kwa asili. Na hapa Afrika Mashariki alikuwepo mwenzao, Dakta J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kinachodai kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo! Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa maandishi yake mengine, safari hii akiieleza Mau Mau kama tatizo la akili. Ardhi iliyoporwa haikuwa sababu kubwa kwake. Fanon alimsoma Carothers na baadaye alimjibu kwenye kitabu chake cha mwisho.

Lakini kinachonifanya nimheshimu ni kwamba kwanza alijilaumu mwenyewe. Yeye na msaidizi wake, Jacques Azoulay, waliandika mwaka 1954 wakikiri wazi kwamba wamekosea. Walileta sikukuu za Wazungu, michezo ya Wazungu na mikutano ya Wazungu, wakategemea Mwarabu na Mberberi watapona kwa hivyo. Fanon hakujua Kiarabu wala Kikabili, alipita kwa mkalimani. Na mgonjwa alipomwona mkalimani alikumbuka nini? Mahakama na ofisi ya serikali, mahali alipozoea kukutana na watu wa aina hiyo. Nani atatoa siri ya moyo hapo? Fikirieni, mtu mweusi kutoka koloni, aliyekwisha kuandika kitabu kizima dhidi ya vinyago vyeupe, na bado alikuwa anawavalisha wagonjwa wake kinyago kilekile bila kujua.

Wakaanza upya. Wakafungua mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, wazee wakakaa kwenye mikeka na kunywa kahawa kama walivyozoea barazani kwao. Sehemu ya sala ikatengenezwa, sikukuu za Kiislamu zikasherehekewa. Msimuliaji wa hadithi akaalikwa. Uwanja wa mpira ukachimbwa. Wakulima wakapewa majembe badala ya ukindu, na hao waliosemekana ni wavivu wakaanza kulima wenyewe. Wodi ikaanza kuwa na sauti.

Alikwenda pia vijijini kuangalia watu wa kawaida wanavyomtazama kichaa. Akakuta kwamba wanasema ni majini yamemwingia, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe hana hatia. Hatukanwi wala hachekwi, na akipona anarudi nafasi yake bila kunyooshewa kidole. Fanon hakuwa muumini wa majini, na hakusema waganga wachukue nafasi ya hospitali. Alichokiona ni kwamba heshima ile ni sehemu ya dawa, na Ulaya pamoja na hospitali zake kubwa ilikuwa imeipoteza. Watu wa pwani nadhani hapa mnanielewa vizuri.

VITA VINAINGIA WODINI

Tarehe 1 Novemba 1954 vita vya ukombozi wa Algeria vilianza. Chama cha FLN kilishika silaha, Ufaransa ikajibu kwa jeshi kubwa na kwa mateso: umeme, maji, vipigo. Haikuchukua muda mateso hayo yakafika kwenye meza ya Fanon. Mchana alikuwa daktari wa serikali, na kwa siri akiwasaidia wapiganaji kwa dawa, maficho na matibabu.

Wagonjwa aliowapata miaka ile amewaeleza kwenye sura ya mwisho ya kitabu chake, sura ambayo wengi wanaosifia mapambano hawaifikii. Nitawapa watatu tu.

Wa kwanza ni polisi wa Kizungu mwenye miaka 28. Kazi yake ilikuwa kuhoji watuhumiwa. Akaanza kusikia mayowe usiku akiwa nyumbani. Alikuwa anafunga madirisha hata wakati wa joto, anaziba masikio kwa pamba, anafungua redio kwa sauti, wapi. Fanon alimpumzisha kazi na kumtibu nyumbani kwake, yaani nyumbani kwa Fanon mwenyewe. Siku moja daktari aliitwa kwa dharura, mgonjwa akaamua kumfuata huko wodini kwa miguu. Fanon aliporudi alimkuta ameegemea mti, jasho linamtoka, anatetemeka mwili mzima. Kumbe njiani alikuwa amekutana na Mwalgeria mmoja aliyelazwa pale, mtu aliyemtesa kwa mikono yake.

Fanon akampa dawa ya kumtuliza, kisha akakimbia kumtafuta yule Mwalgeria. Hakuonekana wodini. Walimkuta chooni akijaribu kujiua. Naye alikuwa amemtambua polisi, akaamini wamekuja kumchukua tena. Ilibidi wafanyakazi wakae naye muda mrefu wakimhakikishia kwamba alichokiona hakikuwa cha kweli, kwamba polisi hawaingii hospitalini. Hebu jiweke kwenye nafasi ya daktari huyo: wote wawili ni wagonjwa wako, kila mmoja ndiye jinamizi la mwenzake, na mmoja unamtuliza kwa kumwambia ukweli, mwingine kwa kumficha.

Wa pili ni inspekta wa polisi aliyekuja mwenyewe. Alikuwa anapiga watoto wake, hata mdogo wa miezi 20, na usiku mmoja alimfunga mkewe kwenye kiti akampiga. Alijua kabisa kwamba kazi ndiyo inayomharibu. Lakini hakuomba kutolewa kazini. Alimwomba Fanon amsaidie aendelee kutesa watu bila kusumbuliwa na dhamira. Hapo mseto wa dawa na mazungumzo unafika mwisho wake. Unaweza kumpa mtu usingizi, lakini kama asubuhi anarudi kwenye chumba cha mateso, unatibu nini?

Wa tatu ni mpigania uhuru, tena wa nchi iliyokwisha kupata uhuru wake. Kila mwaka ikikaribia tarehe fulani alikosa usingizi, wasiwasi ulimpanda, na mawazo ya kujiua yalimjia. Tarehe hiyo ndiyo aliyotega bomu kwenye mkahawa, wakafa watu kumi. Aliamini mapambano yake yalikuwa ya haki na hakuyajutia, na bado mwili wake ulikuwa unahesabu siku. Fanon, ambaye wanamwita mtume wa bunduki, ndiye aliyeandika habari za huyu ndugu bila kumficha.

KUFUKUZWA, NA HOSPITALI YA MCHANA

Mwishoni mwa 1956 Fanon alimwandikia waziri wa Ufaransa aliyekuwa anatawala Algeria, Robert Lacoste, barua ya kuacha kazi. Hoja yake ilikuwa rahisi kama maji. Kazi ya daktari wa akili ni kumsaidia mtu ajisikie yuko nyumbani kwenye dunia yake, na mfumo mzima wa nchi ile ulikuwa unamfanya mwenyeji awe mgeni kwao. Hawezi kutibu mchana kile ambacho serikali yake inakivunja usiku. Januari 1957 alipewa amri ya kuondoka.

Akaenda Tunis, makao ya viongozi wa FLN. Huko aliandika kwenye gazeti la chama, El Moudjahid, lakini koti jeupe hakulivua. Katika hospitali ya Charles-Nicolle alianzisha kituo cha mchana cha magonjwa ya akili, miongoni mwa mifano ya mwanzo barani Afrika. Mgonjwa alifika asubuhi, akapata dawa, mazungumzo na daktari, kazi na wenzake, jioni akarudi kwake. Milango haikufungwa. Kwa nini? Kwa sababu ukimfungia mtu ndani unamtoa kwenye ugomvi wake na mkewe, deni lake, jirani yake, na hayo ndiyo yanayomuumiza. Bora akabiliane nayo kila jioni na kesho asubuhi aje aseme ilikuwaje. Kituo kilihudumia mamia ya watu, na Fanon na mwenzake Charles Geronimi waliandika ripoti yake mwaka 1959. Humo alisema wazi kwamba hata ule mtindo wa Saint-Alban, pamoja na uzuri wake, ulikuwa na kasoro: kijiji cha kuigiza ndani ya ukuta si kijiji.

Alitembelea pia wakimbizi wa Algeria mipakani na kueleza hali ya akina mama waliojifungua kambini wakiwa hawajui waume zao wako hai au la. Kwa ndugu zetu wa Maziwa Makuu sina haja ya kueleza zaidi.

Desemba 1958 alikuwa Accra kwenye mkutano mkubwa wa watu wa Afrika, ambao mwenyekiti wake alikuwa Tom Mboya wa Kenya, na mwaka 1960 akawa balozi wa serikali ya muda ya Algeria nchini Ghana.

MWISHO WA SAFARI

Mwishoni mwa 1960 aligundulika ana saratani ya damu. Alitibiwa Moscow, akapata nafuu kidogo, na mwaka 1961 akakaa chini na kutamka kitabu chake cha mwisho kwa haraka ya mtu anayejua muda umekwisha. Ndicho Les damnés de la terre, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga na kutolewa Dar es Salaam mwaka 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Oktoba 1961 alipelekwa Marekani kwa matibabu, akalazwa kwa jina la Ibrahim Fanon. Alifariki huko tarehe 6 Desemba 1961, siku chache baada ya kitabu kutoka. Mwili ulirudishwa Tunisia, wapiganaji wakauvusha mpaka kwa mabega na kumzika kwenye ardhi ya Algeria. Miezi saba baadaye, Julai 1962, Algeria ikawa huru. Hospitali ya Blida ikapewa jina lake.

Alikuwa na mapungufu, tusimfanye malaika. Shoti na insulini alizozitumia zilikuwa kali. Matibabu ya insulini yameachwa kabisa, na shoti ya umeme siku hizi hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Lugha za wagonjwa wake hakuzimiliki. Na baadhi ya aliyoyaandika kuhusu vita yanabishaniwa mpaka leo.

Lakini angalieni hili: madaktari wa Marekani waliuweka ugonjwa wa kiwewe kwenye orodha yao rasmi mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Fanon alishawaeleza watu wa namna hiyo karibu miaka 20 kabla, kutoka Afrika, na siyo wanajeshi tu. Aliwataja mama mkimbizi, mtoto, kibarua, aliyeteswa na hata aliyetesa. Mtaalamu wa leo anayechanganya dawa, mazungumzo, mazoezi ya mwili na vikao vya familia kumtibu mtu mwenye wasiwasi anapita njia ambayo jamaa huyu aliipita kwa miguu.

Kwa hiyo mdau, ukimwona mwenzako anashtuka ovyo, halali, anasema mwili unauma na hospitali haioni kitu, usikimbilie kusema anajifanya. Muulize anaishije, amepitia nini. Halafu msindikize kwa wataalamu, na usimwache mlangoni, kaa naye. Aliyepitia ajali, vita, kubakwa au kipigo cha nyumbani hana aibu yoyote ya kubeba. Na kama kinachomtisha bado kipo palepale nyumbani au kazini, dawa peke yake haitamaliza kazi.

Haya, mimi nimemaliza, uwanja ni wenu. Mnaonaje, yule polisi alistahili kutibiwa? Na ile ya kumwambia yule Mwalgeria kwamba ameota tu, ilikuwa sawa? Toeni maoni, matusi hapana.